Kumi na Tatu

Wolverhampton, saa kumi na moja jioni,
giza limeshaingia kama mgeni asiyebisha hodi.
Nasukuma kiti cha magurudumu juu ya chumvi iliyomwagiwa barafu,
na Bibi Resham Kaur, mzaliwa wa Kibos, kando ya reli,
ananiuliza kwa Kiswahili cha jikoni kwa mama yake:
"Wewe toto ya nani?"
Mara ya nne tangu tuvuke mfereji.
Mara ya nne namjibu: wa Abuto, Bibi, fundi cherehani wa Ahero.

Kiingereza kilimtoka mwaka juzi.
Kipunjabi huja na kukatika kama umeme wa kwetu.
Kiswahili kimebaki,
sufuria kuukuu lisilotaka kutoboka.

Viatu mlangoni. Kichwa sharti kifunikwe.
Nimejitanda kanga, na kanga inasema
MKONO MTUPU HAULAMBWI.
Humu hakuna anayeisoma,
wala hakuna anayeitii:
nimekuja mikono mitupu, nikapewa dengu, wali, chapati mbili,
nikaketi chini kati ya dereva wa lori
na daktari aliyesahau kuvua kitambulisho chake.

"Kula kwanza," Bibi anafoka. "Maneno baadaye."
Binti yake, Jasvir, anacheka kidogo:
hiyo si amri yake, ni ya Guru wa tatu.
Hata mfalme alipokuja kumwona
aliambiwa aketi mstarini, ale walichokula wengine,
ndipo waonane.

Baada ya kula wanamwekea Bibi kikapu mapajani.
Chapati zinatoka motoni, anazipanga, anahesabu kwa lugha yao,
kidole kwa kidole, bila kosa,
mpaka kumi na mbili.
Kisha: *tera.*
Kisha: *tera. Tera. Tera.*
Chapati ya ishirini, *tera.* Ya arobaini, *tera.*
Jasvir anageukia ukuta.
Nami natoa daftari la kampuni, naandika:
*Saa 12:40 jioni. Mgonjwa ameshindwa kupita kumi na tatu.*

Kijana anayesuuza vyombo ameniona.
Upawa unamchuruzika hadi kiwikoni, hajali.
"Unajua Guru Nanak alikuwa karani wa ghala?
Ghala la liwali. Akipima nafaka, akihesabu,
akafika kumi na tatu akanasa hapo hapo,
maana kwetu neno hilo pia ni *yako.*
Yako, yako, huku anawapimia maskini.
Wakamsengenya kwa liwali. Ghala likakaguliwa.
Halikupungua hata punje."
Akarudi kwenye masufuria yake.

Ukumbini wanakilaza Kitabu.
Walikuwapo Guru kumi, wa mwisho akasema:
baada yangu msitafute mtu.
Aliyeketishwa juu ya chuma cha moto yumo.
Aliyetoa kichwa ili watu wa dini nyingine wasali wapendavyo, yumo.
Na mfumaji yumo, na mshona ngozi
aliyekatazwa kisima, na sheikh Mwislamu,
sauti zao zote chini ya shuka moja.

Mimi kazi yangu ni kulaza watu.
Najua kugeuza mgongo usiume, najua blanketi inapokunja kidonda.
Kwa hiyo natazama kwa jicho la fundi:
mzee anakiinua hadi kichwani, peku, polepole,
chumbani kuna kitanda, mto, mfarishi wa baridi,
anakunja pembe ya shuka
na mkono wake unabaki pale juu
kitambo kidogo kuliko kazi inavyodai.

Usiku, nyumbani, nimembadilisha Bibi, nimempaka mafuta miguuni.
Daftari liko wazi. Nimekata mstari ule,
sijajua niandike nini mahali pake.
Huenda ni ugonjwa tu. Ubongo una mashimo yake,
na wanangu wanasubiri karo, na kampuni inataka sentensi.

Nakunja pembe ya shuka. Mkono wangu nao unakawia.
Anafumbua macho.
"Wewe toto ya nani?"

Yako, Bibi.
Yako.